Kabla hujapaka ile tyubu, soma ngozi yako kwanza

Nafanya kazi kwa kemisti moja ndogo huku Kayole, huu ni mwaka wangu wa kumi na moja, na siku haiishi bila mtu kusimama kwa grili aseme "daktari, nipee ile tyubu ya kila kitu". Mimi si daktari, nilisomea famasia, lakini mtaani ukivaa koti jeupe ukasimama mbele ya dawa wewe ni daktari na watu wanakuachia ngozi yao hivo tu, na hio imani ndio imenifanya nikae chini niandike hii kitu pole pole, hatua kwa hatua, vile ningekuelezea kama laini nyuma yako haingekuwa ndefu.

Hio tyubu ya kila kitu kwa kawaida iko na dawa tatu ndani: moja ya fangasi, moja ya bakteria, na steroidi kali kama betamethasoni. Ukipaka, kuwasha kunaisha siku ya pili na unaona umepona. Lakini chenye kimetulia ni hasira ya ngozi tu, steroidi imeizima, na kama shida ilikuwa fangasi basi umelaza askari wa hapo na fangasi anaendelea kutambaa bila kelele.

Mtoto wa dada yangu alikuwa gredi ya pili alipopata choa kichwani, kaduara kadogo kama sarafu ya shilingi kumi, nywele zimekatika hapo. Dada akaenda kwa duka la dawa karibu na kwake akauziwa tyubu, akapaka miezi mitatu. Siku aliniletea huyo mtoto upande mmoja wa kichwa ulikuwa umefura, ukigusa ni teketeke, unatoa usaha, na tezi za shingo zimesimama kama maharagwe. Tulimpeleka hospitali akapewa vidonge vya kumeza, kwa sababu choa ya kichwa haitibiki na krimu peke yake, fangasi huingia ndani ya unywele wenyewe na krimu haifiki huko. Alipona. Lakini pale palikuwa pameharibika zaidi nywele hazijarudi mpaka leo, na ako sekondari. Hakuna mtu alimwangalia kichwa vizuri kabla ya kuchukua pesa, na hakuna mtu alimwambia mamake aangalie nini.

Hatua ya kwanza: jua ngozi imejengwa aje

Hii usiruke, kwa sababu ukijua shida imekaa tabaka gani nusu ya kazi umemaliza.

Ngozi ndio kiungo kikubwa zaidi mwilini, ya mtu mzima ukiitandaza ni kama mita za mraba 1.5 hadi 2. Iko na matabaka matatu. La juu linaitwa epidemisi. Seli zake zinazaliwa chini, zinasukumwa juu na wenzao, zikifika juu zimekufa na zimejaa keratini, ile kitu moja inayotengeneza kucha na nywele, halafu zinabanduka, na safari yote inachukua karibu wiki 4. Kwa hivo dawa ya ngozi ukiitumia siku tatu ukasema haifanyi kazi, hujaipa hata nafasi ngozi moja ibadilike. Hili tabaka halina mishipa ya damu kabisa. Kwa kope ni jembamba sana, kama milimita 0.05, kwa nyayo na viganja ni nene zaidi, inafika hata milimita 1.5, na ndio maana krimu ambayo kwa mguu haifanyi lolote inaweza kukuharibia macho.

Chini kabisa ndani ya hio epidemisi, pale pale mpakani, ndio kunakaa seli za kutengeneza rangi, melanini. Hesabu ya hizo seli ni karibu sawa kwa Mluo, Msomali, Mhindi na Mzungu, tofauti ni kiasi na aina ya rangi kila mtu anatengeneza. Na hizo seli ziko na tabia moja nataka uishike: zikisumbuliwa, na chunusi, na kujikuna, na kuungua, zinamwaga rangi. Hapo ndio alama nyeusi zinatoka.

Tabaka la pili ni demisi. Huku ndio kuna damu, neva za kuhisi, mizizi ya nywele, tezi za jasho na za mafuta, na zile nyuzi ngumu zinazofanya ngozi irudi ukiivuta. La tatu ni mafuta, godoro la kukukinga na baridi na kugongwa.

Sasa jaribu hii kwa akili. Umekwaruzwa na hakuna damu, hapo umeishia epidemisi, itapona bila kovu, pengine ibaki doa tu. Damu imetoka, umefika demisi, na demisi ikiumia sana ndio inaacha kovu. Kovu na doa si kitu kimoja. Kovu ukipitisha kidole unalihisi, limeinuka ama limezama. Doa ni rangi tu, ngozi ni laini kama kawaida, na doa likipewa muda huenda lenyewe, miezi kadhaa, saa zingine mwaka mzima. Nitarudi hapo kwa sababu watu wa Nairobi wanaharibiwa uso kwa kukosa kujua hio tofauti.

Hatua ya pili: simama kwa mwanga wa jua, usiangalie na stima ya nyumba

Toka nje ama kaa kwa dirisha. Zile balbu za ndani zinaficha rangi. Vitabu vingi na picha nyingi za intaneti zinasema tafuta mahali pekundu, lakini kwa ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani, unaona zambarau, ama kijivu, ama hudhurungi nzito, ama mahali tu pamekuwa peusi kuliko penginepo. Kwa hivo macho hayatoshi, tumia mkono. Weka mgongo wa mkono hapo, ni moto kuliko ngozi ya kando? Pamefura? Kuna magamba kama ya samaki ama ni laini? Ni bapa, ama kimeinuka, kina maji ndani, kina usaha?

Kama ni mtoto ako na homa na ametokwa na madoa, chukua glasi safi ya kunywa maji, ibonyeze juu ya doa uangalie ukiwa umebonyeza. Doa likipotea chini ya glasi, kuna nafuu kidogo. Likibaki vile vile, hio ni damu imevuja chini ya ngozi na huyo mtoto anaenda hospitali sasa hivi, si kesho asubuhi. Kama ngozi yake ni nyeusi sana angalia kwa viganja, nyayo, ndani ya kope na juu ndani ya mdomo.

Hatua ya tatu: jiulize maswali kabla ya kujipa jibu

Ilianza lini na ilianzia wapi mwilini. Inawasha, inauma, ama haisikiki. Kama inawasha, ni saa ngapi. Kuna mtu mwingine kwa nyumba ako nayo. Nimebadilisha sabuni, mafuta, rangi ya nywele, saa ya mkono, kazi. Nimeanza dawa yoyote ya kumeza wiki chache zilizopita. Na la mwisho ambalo watu wanaficha, nimeshapaka nini hapo? Sema yote, hata ile mchanganyiko wa ndimu na dawa ya meno, hakuna mtu atakucheka.

Hatua ya nne: sasa linganisha

Naanza na upele kwa sababu ndio naona zaidi shule zikifunguliwa na zikifungwa, hasa za bweni. Ni kamdudu kadogo huwezi kukaona vizuri kwa macho, jike linachimba handaki kwa epidemisi na kutaga mayai humo. Dalili kubwa ni kuwasha usiku, yaani mtu akishaingia kwa blanketi ndio vita vinaanza. Angalia katikati ya vidole, kwa kifundo cha mkono, kiunoni, kwapani, matakoni, sehemu za siri za wanaume, chini ya matiti kwa wamama. Kwa watoto wadogo hata viganja, nyayo na kichwa. Kama watu wawili kwa nyumba wanajikuna usiku, fikiria upele kabla ya kitu kingine chochote. Mtu akiambukizwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 kabla aanze kuwashwa, kwa hivo yule ambaye hajikuni pia ako nayo pengine, na hapa ndio watu wengi wanakosea: wanatibu mtoto peke yake. Tibuni nyumba nzima usiku mmoja, hata baba anayesema yeye ako sawa. Permethrini ya asilimia 5 unapaka kutoka shingoni mpaka vidole vya miguu, chini ya kucha, kitovu, kila mahali, unalala nayo masaa 8 hadi 14, unaoga asubuhi, unarudia baada ya wiki moja. Ile ya bei nafuu watu wanaita BBE, dawa ya maji ya benzili benzoeti, inafanya kazi pia lakini inachoma, na kwa watoto lazima ipunguzwe na maji, uliza kipimo. Nguo na mashuka fua na maji moto uanike kwa jua kali, zile hazifuliki funga kwa mfuko wa plastiki wiki moja, huyo mdudu bila mwili wa mtu hamalizi siku nyingi. Halafu jua hivi, kuwasha kunaweza kuendelea wiki 2 hadi 4 hata kama wadudu wote wameshakufa, usije ukapaka permethrini kila siku ukidhani haijashika.

Ukurutu unachanganywa na upele kila siku. Tofauti ni kwamba ukurutu hauambukizi na unapenda mikunjo, ndani ya kiwiko, nyuma ya goti, shingoni, kwa watoto wachanga mashavu. Ngozi ni kavu, inapasuka, ikikunwa sana inakuwa nene na nyeusi kama ngozi ya kiwiko. Mara nyingi kwa hio familia kuna mtu wa pumu ama wa kupiga chafya kila asubuhi. Nairobi inausumbua sana mwezi wa saba, baridi, watu wanaoga na maji moto sana, na huku kwetu maji ya borehole yana chumvi sabuni haitoi povu mtu anaongeza sabuni, ngozi inabaki kama karatasi. Dawa ya kwanza si krimu ya bei, ni mafuta mazito yasiyo na manukato, jeli ya kawaida tu, unapaka dakika chache baada ya kuoga ngozi bado ina unyevu, asubuhi na jioni, kila siku hata ukiwa umepona. Steroidi hafifu daktari anaweza kukupa kwa siku chache ukiwashwa sana na hapo ni dawa nzuri, sitaki mtu aogope steroidi yenyewe, shida ni kujipimia.

Choa mwilini ni duara, ukingo wake umeinuka na una magamba, katikati panaonekana kama pameanza kupona. Hapo krimu ya klotrimazoli mara mbili kwa siku inatosha, na unaendelea wiki moja ama mbili baada ya duara kupotea. Kama kuna mtu ameshakupaka steroidi ule ukingo unapotea, duara linakuwa doa lisilo na umbo na hata daktari anachanganyikiwa, kwa hivo mwambie. Ya kichwani nimeshasema, ni vidonge kama griseofulvini, wiki 6 na zaidi, mtoto amalize hata kama nywele zimeanza kuota wiki ya tatu, na vitana na vifaa vya kinyozi visafishwe.

Yale madoa meupe meupe ama ya kahawia kifuani, mgongoni na shingoni, ukiyakwaruza yanatoa unga mwembamba, hayawashi sana, hayo ni fangasi anayeishi kwa ngozi ya kila mtu ila akipata joto na jasho anazidi. Vijana wa jimu na watu wa boda wanaovaa jaketi nzito mchana wote wanayajua. Unatumia shampuu ya ketokonazoli kama sabuni, unaiacha dakika chache unasuuza. Rangi itachukua miezi kurudi, hio haimaanishi fangasi bado yuko.

Usiyachanganye na mbalanga, ambayo ni nyeupe kabisa kama maziwa, haina unga, inapenda kuzunguka macho, mdomo, vidole, haiambukizi hata kidogo na mtu asinyimwe salamu kwa ajili yake. Na usichanganye na ukoma, ambao baka lake ni hafifu na halina hisia. Funga macho, mtu akuguse na pamba hapo na kando, kama hapo husikii, nenda hospitali ya serikali. Ukoma unatibika kabisa kwa dawa za miezi 6 hadi 12, na dawa ni bure.

Mtoto akiwa na vidonda karibu na pua na mdomo vyenye gaga rangi ya sukari nguru iliyoyeyuka, hao ni bakteria, na inaruka kwa mtoto mwingine haraka kwa taulo moja. Osha gaga pole pole na maji vuguvugu na sabuni, tafuta dawa ya bakteria, abaki nyumbani asiende shule mpaka vikauke.

Chunusi sitakaa nazo sana, ni tezi ya mafuta imezibwa, usizifinye. Vile vipele vya kidevuni na kisogoni baada ya kunyolewa si uchafu wa mashine pekee kama watu wanavyodhani, nywele zetu zimejikunja, zikikatwa karibu sana ncha inarudi kuchoma ngozi kutoka ndani. Mwambie kinyozi asipitishe mpaka ngozi, aache kidogo. Na wadada, ukisukwa ukaona vipele kwa mstari wa nywele na huwezi kulala na upande mmoja, fungua usiku huo huo, zile nywele za mbele zikivutwa miaka mingi mizizi inakufa.

Ile inayobeba jina letu

Baada ya mvua ndefu watu wanakuja asubuhi na mstari wa kuungua shingoni, wanasema walimwagiwa maji moto usingizini, ama wamerogwa, ama ni mkanda wa jeshi. Wengi ni Nairobi flai. Jina linadanganya, si nzi, ni mbawakawa mdogo mwembamba kama punje ndefu ya mchele, mweusi na rangi ya chungwa kwa zamu. Haumi na hana mwiba. Sumu yake inaitwa pederini na iko ndani ya damu yake, kwa hivo haikupati mpaka umponde. Anafuata taa usiku, anakutulia shingoni, unampiga kofi kama mbu na kumfuta, na ule mstari uliomfuta nao ndio utaungua. Hutasikia kitu saa hio. Siku moja ama mbili baadaye ndio ngozi inawaka, inatoa malengelenge kwa mstari, na kama ni pale kiwiko ama goti linakunjwa unapata alama mbili zinazotazamana kama zimepigwa muhuri. Ukishika jicho na hio mikono, jicho linafura asubuhi halifunguki. Waliokuwa hapa wakati wa El Nino ya 1997 na 1998 wanakumbuka vile walijaa.

Cha kufanya: ukimwona kwa mwili mpulize ama mwache apande kwa karatasi umtupe nje. Kama umeshamponda, osha hapo na sabuni na maji mengi mara moja, osha mikono, usiguse macho, fua ile shuka. Malengelenge yakishatoka weka kitambaa safi chenye maji baridi, usiyapasue, usipake dawa ya meno wala parafini. Yanapona kwa wiki 1 hadi 3, na kwa sababu yameishia epidemisi hayaachi kovu, yanaacha doa jeusi ambalo litaondoka. Jicho likiguswa suuza na maji safi kwa dakika nyingi uende hospitali. Kuzuia ni kuzima taa ya nje mapema, kufunga dirisha jioni na kulala kwa neti, na kukung'uta shuka kabla hujalala.

Tofauti na mkanda wa jeshi ni hii: mkanda unaanza na maumivu siku kadhaa kabla ya kuonekana, unakaa upande mmoja tu wa mwili hauvuki katikati, na malengelenge yako kwa vikundi. Ni virusi wale wale wa tetekuwanga uliyougua utotoni, walilala kwa neva wakaamka. Dawa yake inasaidia zaidi ikianza ndani ya masaa 72, kwa hivo usikae nyumbani ukisubiri. Ukiwa kijana hospitali watakupima HIV pia, kubali, kujua mapema kunasaidia.

Tetekuwanga yenyewe inatoka kwa awamu, siku moja utaona kipele, lengelenge na gaga kwa mwili mmoja, na inaanza sana kifuani na usoni. Mpox, ambayo Kenya ilithibitisha mgonjwa wa kwanza Taveta mwezi wa saba 2024, vipele vyake ni vigumu, vizito, vimekaa ndani, vya mahali pamoja vinafanana umri, tezi zinavimba, na vinaweza kuwa viganjani, nyayoni na sehemu za siri. Ukishuku hio usikuje kwa kemisti kuonyesha, jitenge uende hospitali.

Hatua ya tano: doa likibaki, liache

Hapa ndio naumia moyo zaidi. Msichana anapona chunusi, anabaki na madoa, anakosa subira ya miezi sita, anaenda downtown anauziwa mkebe usio na lebo unaoahidi ngozi moja. Ndani mara nyingi kuna haidrokwinoni, zebaki, ama steroidi kali kama klobetasoli. KEBS, shirika la serikali la viwango vya bidhaa, walishapiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni na bado vinapita. Zebaki inaingia mwilini kupitia ngozi na inaharibu figo, na mama akiwa mjamzito inamfikia mtoto. Steroidi inakula demisi, ngozi inakuwa nyembamba unaona mishipa, inatoa michirizi isiyofutika, chunusi zinarudi mara mbili, na ukiacha uso unawaka moto ndio unarudi kununua tena. Wengi nimeongea nao hivi:

"Daktari, hii nikiacha nafura."

"Najua dada yangu, usiache ghafla peke yako. Nenda na huo mkebe kwa daktari wa ngozi akupunguzie pole pole, hutakemewa."

Chenye kinasaidia doa ni kuzuia jua. Nairobi iko karibu na ikweta na juu ya mita 1,700, jua hapa ni kali hata siku ile unavaa sweta, na jua ndio linaambia zile seli ziendelee kumwaga rangi. Krimu ya jua ya SPF 30 asubuhi, kofia, basi. Kwa mwenye ualbino hio si urembo, ni kinga ya saratani, mikono mirefu na kofia pana kila siku, na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hutoa krimu za jua, mjisajilishe.

Na usidhani ngozi nyeusi haipati saratani. Kwetu inapenda kujificha kwa nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali hakuna mtu anaangalia. Bob Marley ilimpata kwa kidole cha mguu 1977, ikamuua 1981. Baada ya kuoga geuza nyayo uangalie. Doa jeusi linalokua, mstari mweusi kwa kucha moja unaozidi kupanuka, kidonda kisichopona mwezi mzima, mabaka ya zambarau mapya yasiyowasha, onyesha daktari.

Hatua ya sita: zile hazingoji

Umeanza dawa mpya ya kumeza, kwa mfano Septrin, ya kifafa ama ya gauti, na ngozi inauma, inatoa malengelenge ama inabanduka, mdomo na macho yana vidonda: usimeze kidonge kingine, kimbia hospitali kubwa na hio pakiti mkononi. Mguu umefura, moto, unauma na unapanuka kila saa na una homa, vivyo hivyo. Midomo ama ulimi umefura na pumzi inabana baada ya kula kitu ama kuumwa na nyuki, hio ni dakika si masaa. Malengelenge karibu na jicho. Mtoto mchanga wa chini ya mwezi mmoja mwenye usaha kwa ngozi. Mtu wa sukari mwenye kidonda cha mguu, hata kidogo kama pini.

Hatua ya saba: ukienda hospitali, enda umejipanga

Piga picha na simu tangu siku ya kwanza, kwa mwanga wa mchana, moja ya karibu na moja ya mbali, weka sarafu kando ionyeshe ukubwa. Ngozi ina tabia ya kutulia siku ile umepata nafasi ya kumwona daktari, na picha ndio itaongea. Usipake mafuta asubuhi hio, wala poda. Anza na kituo cha afya cha karibu, wakishindwa wakuandikie barua ya kwenda kliniki ya ngozi, Kenyatta wako nayo. Na zile tyubu zote umewahi kupaka, hata iliyobaki nusu, hata ile jirani alikukamulia kwa kipande cha karatasi haina jina, tia zote kwa mfuko mmoja uende nazo umwagie daktari hapo mezani.